Fahali Anayebaki: Shajara ya Mradi wa Kuchagua Madume ya Ng'ombe wa Nyama, Langobaya, Malindi

Februari 2024

Wafugaji wa Langobaya na Kakoneni, kwenye barabara inayotoka Malindi mjini kuelekea lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki, wamekubaliana kuwa na daftari moja la ng'ombe wa nyama na kuchagua kwa pamoja madume watakaopanda majike yao. Nimepewa ukarani wa kazi hiyo, na shajara hii ni sehemu yake. Nitaandika pale tu penye jambo la kuandikwa.

Sababu ya mradi inajulikana na kila mtu hapa, ingawa haikuwahi kuwekwa wazi kikaoni hadi mwezi huu. Kila mwaka, majuma machache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, wanunuzi kutoka Malindi na Mombasa hupita mazizini wakitafuta madume wakubwa, wasio na kasoro, waliotimiza miaka miwili. Umri na ukamilifu wa mwili ni masharti ya kuchinja siku hiyo, na mfugaji hupata bei ambayo haipati mwezi mwingine wowote. Lakini matokeo yake zizini ni kwamba dume aliyekua upesi kuliko wenzake ndiye anayeondoka kwanza, na aliyechelewa kukua hubaki kungoja mwaka unaofuata. Kwa kuwa huyo aliyebaki hajahasiwa na hulala pamoja na majike, ndiye anayekuwa baba wa ndama wa msimu ujao. Tumekuwa tukichagua mafahali miaka yote, ila tumekuwa tukichagua kinyume.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa hesabu ndogo. Kila ndama hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama, lakini jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka akijaliwa, ilhali dume mmoja huweza kuzalisha ndama ishirini na zaidi katika msimu mmoja. Kundi linalobakiza mitamba wake na kubadilisha fahali kila kizazi hupata asilimia 50 ya jeni za kizazi kipya kwa fahali wa sasa, asilimia 25 kwa aliyemtangulia, na asilimia 12.5 kwa wa kabla yake. Yaani mafahali watatu wa mwisho wamebeba asilimia 87.5 ya urithi wa kundi zima, na kile kilichotoka kwa majike wa asili ni hiyo asilimia 12.5 iliyosalia. Mzee mmoja wa Kakoneni alisikiliza hesabu hii hadi mwisho, kisha akasema kwamba basi yeye si mwenye ng'ombe, wenye ng'ombe ni wale mafahali watatu. Sikuwa na la kumpinga.

Machi 2024

Tumewavisha majike hereni za masikio zenye namba. Daftari lina safu za namba ya mama, umri wake kwa makadirio, tarehe ya kuzaa, uzito wa ndama na jina la dume anayedhaniwa kuwa baba. Wapo waliouliza kwa nini tusitegemee kumbukumbu za wachungaji, ambao humjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake. Mama mtunza hazina wetu aliwajibu kwa msemo, kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Juni 2024

Mvua za masika zimekuwa za kutosha na ndama wengi wamezaliwa kati ya Aprili na Mei. Kila aliyezaliwa alipimwa ndani ya siku yake ya kwanza au ya pili kwa kuning'inizwa kwenye mizani ya kamba, na wengi wao wana uzito wa kilo ishirini hivi, jambo la kawaida kwa zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, wadogo wa pwani ambao mama zao mara nyingi hawafiki kilo 300.

Tumeingia katika Idi tukiwa na makubaliano ya maandishi: dume yeyote ambaye kikundi kitamwekea alama hatauzwa bila kikundi kuarifiwa, na mwenye dume atalipwa sehemu ya bei yake kutoka mfuko wa pamoja, halafu atapata ada kwa kila jike atakayepandwa. Bila malipo hayo mradi ungebaki maneno matupu, kwa sababu hakuna mtu atakayekataa fedha za Idi kwa ajili ya ndama wa jirani. Kwa mwaka huu hatuna dume wa kuwekea alama, kwa kuwa hatuna vipimo. Waliouzwa wameuzwa.

Agosti 2024

Kikao cha mwezi huu kilikuwa kirefu kuliko vyote, kwa sababu kilihusu aina ya fahali wa kuletwa kutoka nje wakati madume wetu wenyewe wakiendelea kupimwa. Naandika hoja zote, hata zile zilizoshindwa, kwa kuwa zitarudi tena.

Hoja ya kwanza ilitoka kwa vijana, nao walitaka mbegu za ng'ombe wa Ulaya kama Simmental au Angus kwa njia ya uhamilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mrija bila fahali. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946 na sasa kinajulikana kama Kituo cha Rasilimali za Jenetiki za Wanyama cha Kenya, huuza mbegu zilizogandishwa katika mirija, na mtungi wa naitrojeni ya maji huzitunza katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Shida kwetu ni joto la jike, yaani kipindi anapokuwa tayari kupandwa. Ng'ombe wanaochungwa msituni kutwa nzima hawaonekani vizuri wanapokuwa kwenye joto, na joto la zebu ni fupi, mara nyingi hupita usiku. Mpandishaji atokaye mjini akifika, jike keshapoa. Kuna dawa za homoni zinazolinganisha majike ili wapandishwe siku moja, lakini gharama yake kwa kila ndama anayepatikana ilitutosha kufunga mjadala huo kwa sasa.

Hata kama mbegu zingekuwa rahisi kupandishwa, kuna suala la chotara wenyewe. Ndama wa kwanza wa zebu na ng'ombe wa Ulaya hupendeza sana, kwa sababu mchanganyiko wa koo mbili zilizo mbali humpa mtoto nguvu inayopita wastani wa wazazi wake. Chotara hao wakipandana wenyewe kwa wenyewe, nusu ya nguvu hiyo hupotea katika kizazi kinachofuata, na kinachobaki ni ng'ombe mwenye mahitaji makubwa ya majani na ngozi inayopendwa na kupe. Huku kwetu kuna ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na kuna mbung'o. Sioni sababu ya kumleta Langobaya ng'ombe aliyezoea malisho ya baridi ili tuanze kumtibu siku ya pili.

Hoja ya pili ilikuwa Sahiwal, ambaye kundi lake kuu la kitaifa liko Naivasha na ambaye anajulikana kwa maziwa na mwili wa wastani. Waliomtetea walikuwa hasa akina mama, kwa kuwa maziwa ya asubuhi ni yao. Hoja hii ina haki yake. Lakini mradi umeandikwa kuwa wa nyama, na tulikubaliana kwamba ndama anyonye kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo iliyopita, nayo ni Boran, ila kwa sura mbili. Yupo Boran wa ranchi, aliyeboreshwa kwa miongo mingi na wafugaji wakubwa wa Kenya ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1951. Ni ng'ombe mwenye asili ya nyanda za Borana kusini mwa Ethiopia, mpana wa kiuno, mpole, na fahali wake aliyekomaa huweza kupita kilo 600. Na yupo Boran wa Waorma, anayefugwa upande wa Tana na kwingineko karibu nasi, mdogo wa umbo, asiye na vyeti wala picha za maonyesho.

Katika miaka ya 1980, watafiti waliwalinganisha hawa wawili palepale katika ranchi ya Galana, juu ya mto huuhuu tunaonyweshea sisi, mahali ambapo mbung'o ni wengi. Boran wa Waorma waliambukizwa vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kiwango kidogo kuliko Boran wa ranchi, na walipoambukizwa walistahimili vizuri zaidi upungufu wa damu. Ustahimilivu huo haufikii ule wa N'Dama wa Afrika Magharibi, lakini upo, na wafugaji wa Kiorma waliujenga kwa kuishi miaka mingi penye mbung'o pasipo dawa, ambapo dhaifu hufa bila kuacha watoto. Huo nao ni uchaguzi, na huenda ni mkali kuliko wetu wote.

Tumeamua kutafuta fahali mmoja wa kila upande. Wenye kupenda ukubwa wameridhika, na wenye hofu ya nagana wameridhika. Mimi nimeridhika kwa sababu nyingine: tutaweza kulinganisha watoto wao katika mazizi yetu, chini ya mbung'o wetu na katika kiangazi chetu. Fahali aliyeshinda kwenye malisho ya Laikipia hajathibitisha lolote kuhusu Langobaya.

Desemba 2024

Ndama wameachishwa kunyonya na kupimwa, na sasa kazi ya karani imeanza kweli. Mizani ilikopwa na kuwekwa kwenye kichochoro cha mbao karibu na josho. Ndama walisimama mmoja mmoja, na wachache tuliwapima kwa kanda ya kifua kwa kuwa walikataa kabisa kuingia.

Uzito wa siku hiyo pekee hausemi kitu, kwa sababu hawakuzaliwa siku moja. Tumetumia njia ya kawaida ya kumrudisha kila ndama kwenye umri wa siku 205: uzito wa kuachishwa hutolewa uzito wa kuzaliwa, kinachobaki hugawanywa kwa siku za umri, hupigwa mara 205, kisha uzito wa kuzaliwa hurudishwa. Naweka mfano mmoja hapa ili mwenye daftari mwingine aweze kuufuata. Ndama wa kwanza alizaliwa na kilo 22 na alipimwa akiwa na siku 240, akaonyesha kilo 106. Hesabu inampa kilo 94 kwa siku 205. Wa pili alizaliwa na kilo 21, akapimwa akiwa na siku 190 na kilo 98. Hesabu inampa kilo 104. Kila aliyesimama kwenye mizani alimsifu yule wa kilo 106. Mwenye ndama wa pili hakuamini hadi nilipomfanyia hesabu mara mbili mbele yake, naye hakuacha kutabasamu hadi jioni.

Kuna jambo gumu zaidi ya umri, nalo ni malisho. Ndama wa Kakoneni wanachungwa karibu na mto na mama zao walipata majani mabichi hadi Septemba, ilhali wa Langobaya walipelekwa mbali kwenye vichaka vikavu. Baada ya kusahihisha umri, wastani wa kundi la mtoni ni kilo 110, na wa kundi la bara ni kilo 84. Katika kundi la mtoni kuna dume wa kilo 112, na katika kundi la bara kuna dume wa kilo 97. Mwenye macho atamchagua wa kilo 112. Lakini huyo amewazidi wenzake kidogo tu, fahirisi yake ni 102 ukiufanya wastani wa wenzake kuwa 100, ilhali wa bara ana fahirisi ya 115. Ndama hupimwa dhidi ya wale waliokula, kunywa na kuugua pamoja naye, kwa kuwa hapo ndipo tofauti iliyobaki inaweza kuwa ya damu.

Hata hivyo nilionya kikao kwamba fahirisi hizo mbili hazilingani moja kwa moja. Huenda kundi la mtoni lina mama bora, na hivyo kuushinda wastani wa kundi hilo ni kazi ngumu zaidi. Njia pekee ya kulijua hilo ni kuwa na baba mmoja mwenye watoto katika makundi yote mawili, ili watoto wake wawe daraja la kulinganishia. Makundi yetu hayana baba wa aina hiyo kwa sasa, na hii ndiyo sababu fahali wawili watakaoletwa watatumika pande zote mbili.

Ndama wa mitamba waliozaa mara ya kwanza tumewaweka katika orodha yao wenyewe. Mama mchanga hana maziwa ya mama aliyekomaa, na ndama wake huonekana dhaifu bila kosa lake. Zipo namba za marekebisho zilizochapishwa kwa ng'ombe wa Marekani, lakini siwezi kuziweka kwenye daftari hili na kuita matokeo yake ukweli.

Madume wanne wamewekewa alama na hawatahasiwa. Waliosalia wamehasiwa kwa koleo na daktari wa mifugo, na watauzwa wakiwa maksai.

Februari 2025

Swali la mwezi huu liliulizwa na kijana anayesoma chuo, na lilinichukua kikao kizima kulijibu. Aliuliza: fahali akiwa na kilo 30 zaidi ya wastani wa wenzake wakati wa kuachishwa kunyonya, je, watoto wake nao watakuwa na kilo 30 zaidi?

Hawatakuwa nazo. Sehemu ya kilo hizo ilitoka kwa maziwa ya mama yake, sehemu ilitoka kwa bahati ya kutougua, na sehemu ndiyo ya jeni zinazoweza kurithiwa. Kwa uzito wa kuachishwa kunyonya, tafiti nyingi za ng'ombe wa nyama huweka uwezo wa kurithika, yaani sehemu ya tofauti inayotokana na jeni, kati ya 0.2 na 0.3. Tukichukua 0.25, basi katika kilo 30 ni kilo 7.5 tu tunazoweza kutarajia kuwa ni za damu yake, na kwa kuwa hutoa nusu tu ya jeni zake kwa kila ndama, watoto wake watazidi wastani kwa kilo 3.75. Chumba kilinyamaza. Kisha baba mmoja akauliza kwa upole kama ni kwa ajili ya kilo tatu na kitu ndipo tumenunua hereni na kukopa mizani.

Nilimjibu kwa kuendeleza hesabu. Fahali anayepata ndama 25 kwa mwaka anaongeza kilo 94 kwa kundi, yaani uzito sawa na wa ndama mmoja mzima aliyeachishwa kunyonya, bila mtu kununua jike wala jani la ziada. Mitamba wake hubeba sehemu ya nyongeza hiyo na kuipitisha mbele. Halafu ifanywe hesabu ya upande mwingine: yule dume aliyebaki baada ya Idi, tuseme yuko kilo 20 chini ya wenzake, huwashusha watoto wake kilo 2.5 kila mmoja. Tofauti kati ya kuchagua na kuacha mambo yajiendee ni zaidi ya kilo sita kwa kila ndama, kila mwaka, na tumekuwa tukiilipa tofauti hiyo bila kuiona.

Uwezo wa kurithika si sawa kwa kila sifa, na hili ndilo ningependa wanachama walishike kuliko namba yoyote. Uzito wa mwaka mmoja hurithika vizuri kuliko wa kuachishwa kunyonya, kwa sababu mkono wa mama umeanza kuondoka. Ukubwa wa korodani hurithika vizuri zaidi, mara nyingi 0.4 na kuendelea. Lakini uzazi wenyewe wa jike, yaani kushika mimba mapema na kuzaa kila mwaka, hurithika kwa kiwango kidogo sana, mara nyingi chini ya 0.1, na kwa hiyo tusidhani tutalimaliza tatizo la majike wasioshika mimba kwa kubadilisha fahali. Hilo ni la malisho, madini na magonjwa.

Kijana huyohuyo aliuliza pia kuhusu vipimo vya jeni vya maabara. Jenomu ya ng'ombe, yaani mpangilio mzima wa jeni zake, ilichapishwa mwaka 2009 kutokana na jike wa Hereford, na tangu mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walikuwa wameonyesha jinsi alama nyingi za jeni zinavyoweza kutumika kukadiria thamani ya mnyama akiwa bado mchanga. Lakini alama hizo hujifunza kutoka kwa maelfu ya wanyama waliokwisha kupimwa uzito na kuandikwa, wa koo ileile. Maabara haiwezi kusoma daftari ambalo halijaandikwa. Tuendelee na mizani.

Mei 2025

Fahali wawili wamefika, mmoja wa ranchi na mmoja wa Waorma, na wamewekwa katika zizi la peke yao hadi majibu ya damu kuhusu brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, yatoke. Daktari wa mifugo alipanga siku moja ya kuwapima wao pamoja na madume wakubwa waliomo katika mazizi yetu.

Upimaji wenyewe unaanza kwa kumtazama fahali akitembea. Kwato, viwiko na miguu ya nyuma huja kabla ya yote, kwa sababu fahali wa huku hutembea mwendo mrefu kwenda majini na bado anatakiwa asimame juu ya jike akirudi. Govi lake nalo hutazamwa kwa makini, kwa kuwa zebu wengine wana govi linaloning'inia karibu na magoti, nalo huchanwa na miiba hadi dume akashindwa kupanda. Nasi hatukosi miiba. Kisha mfuko wa korodani hupimwa mzunguko kwa kanda. Kiwango kinachotumiwa na madaktari wengi, kilichotoka Marekani, ni angalau sentimita 30 kwa dume wa umri wa hadi miezi 15, na sentimita 34 kwa aliyepita miaka miwili. Zebu huchelewa kubalehe, kwa hiyo daktari wetu ni mpole kidogo kwa vijana, lakini kwa waliokomaa hakupunguza kitu. Mwisho ni mbegu chini ya hadubini: angalau asilimia 30 ziwe zinasonga mbele, na angalau asilimia 70 ziwe na umbo zuri.

Fahali aliyeletwa kutoka ranchi alipita. Yule wa Waorma alipita pia, na kwa mwili wake mdogo aliwashangaza waliomdharau. Aliyeanguka ni fahali wa Kakoneni ambaye watu hupiga naye picha, mwenye nundu iliyosimama na shingo nyeusi: mzunguko wa sentimita 29 katika umri wa miaka minne, na mbegu nyingi zenye mikia iliyopinda. Daktari alimwambia mwenyewe kwa heshima, "Mzee, fahali wako ni mzuri kwa kila anayemtazama, ila majike hawatazami." Mzee aliomba apimwe tena, na ombi hilo ni la haki, kwa sababu homa au joto kali huweza kuharibu mbegu, na mbegu mpya huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa.

Nimepekua daftari usiku huo. Majike wa zizi la mzee huyo ndio waliochelewa kuzaa mwaka jana, na sote tulikuwa tumewalaumu wao.

Juni 2025

Idi imepita. Maksai waliuzwa kwa bei nzuri na madume wanne wenye alama hawakuguswa, ingawa mnunuzi mmoja alirudi kwa mmoja wao mara kadhaa na kila mara aliongeza bei. Mwenye dume amelipwa sehemu yake kutoka mfuko wa pamoja.

Julai 2025

Fahali wa Kakoneni amepimwa mara ya pili na hakuna kilichobadilika. Mzee amekubali ahasiwe.

Mafahali wameingizwa kwa majike: wa ranchi ameanzia Langobaya na wa Waorma ameanzia Kakoneni, kila mmoja na majike wasiozidi 25 kwa kuwa nchi ni kavu na umbali ni mrefu. Watabadilishana makundi katikati ya msimu. Ili tuweze kumjua baba wa kila ndama, kati ya kutoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine tutaacha majuma matatu pasipo dume yeyote, muda ambao unatosha mzunguko mmoja wa joto la jike. Mimba ya ng'ombe ni ya miezi tisa na ushei, na tofauti ya siku kati ya jike na jike si kubwa, hivyo tarehe ya kuzaliwa itatuambia baba ni nani bila kuhitaji maabara. Masharti yake ni mamoja tu, kwamba madume vijana wasiohasiwa wachungwe mbali. Mchungaji aliyepewa kazi hiyo amelipwa zaidi ya wenzake, na sioni kama fedha hiyo imetumika vibaya.

Kuna waliokuwa na hofu kwamba fahali wa ranchi atawapa majike wadogo ndama wasiozalika. Hofu hii ni ya maana kwa koo nyingi za Ulaya, lakini Boran huzaa ndama mwepesi, na jike mwenyewe huuzuia ukuaji wa ndama tumboni kulingana na mwili wake. Hata hivyo tumeondoa mitamba wote kutoka kundi lake na kuwapeleka kwa yule wa Waorma.

Septemba 2025

Mbung'o wameongezeka upande wa bara. Fahali wa ranchi alionekana mnyonge, na kipimo cha damu kilionyesha chembe nyekundu zimeshuka chini ya asilimia 24, mahali ambapo madaktari huanza kuita upungufu. Vimelea vya nagana vilionekana, naye ametibiwa. Fahali wa Waorma, aliyekuwa ameshahamia kundi hilohilo alilotoka yule wa ranchi, alipimwa pia na damu yake iko sawa. Fahali wawili hawathibitishi kitu, na nimekataza jambo hili lisitangazwe kana kwamba ni matokeo ya mradi. Limeandikwa katika safu ya maelezo. Watoto wao watakapopimwa damu kwa wingi ndipo tutakuwa na la kusema.

Desemba 2025

Daktari amewapima majike kwa mkono na wengi wana mimba. Wasio na mimba wamewekewa alama nyekundu daftarini. Wakikosa tena mwakani wataenda mnadani, kwa kuwa hakuna nafasi ya kumlisha jike asiyezaa wakati wa kiangazi.

Ndama watazaliwa kuanzia Aprili, na hesabu za kulinganisha baba na baba zitafanyika watakapoachishwa kunyonya. Nimewaeleza wanachama mapema kiasi cha imani watakachoweza kuwa nacho. Kwa sifa yenye uwezo wa kurithika wa 0.25, ndama watano waliopimwa kwa haki hutoa habari sawa na uzito wa fahali mwenyewe, na usahihi wake ni 0.5, kwa kipimo ambacho 1 ni uhakika kamili. Ndama 15 huupandisha hadi 0.7, na ndama 45 hadi karibu 0.87. Kwa msimu mmoja tutakuwa mahali fulani katikati, na asiye na subira atataka kumuuza mmoja wao mapema.

Jambo lililozua ubishi ni la muda wa mafahali kukaa. Wenye majike wa Kakoneni wanampenda sana yule wa Waorma na wanataka abaki hadi azeeke. Fahali akimpanda binti yake, ndama hupata mchanganyiko wa damu moja wa asilimia 25. Akipandwa dada wa baba mmoja na kaka yake, ni asilimia 12.5. Hasara yake haionekani siku moja, bali hujitokeza kwa ndama wanaokufa wachanga, mitamba wanaochelewa na mbegu dhaifu, na kila mmoja hupewa sababu yake tofauti. Mabinti wa kwanza wa fahali hawa watazaliwa mwaka 2026, na kwa ukuaji wa zebu wetu wataanza kupandwa mwishoni mwa mwaka 2028. Kikao kimepitisha kwamba fahali wote wawili watumike misimu ya 2025, 2026 na 2027, kisha waondoke kabla binti yeyote hajapevuka.

Kuhusu wale madume wanne wenye alama, watapimwa uzito tena Januari, kisha korodani na mbegu mwezi Mei. Nimeandaa orodha ya majike ambao kila mmoja wao haruhusiwi kuwapanda, akiwemo mama yake na dada zake, na wachungaji wamepewa nakala. Wajumbe wawili wameteuliwa kwenda kuzungumza na wafugaji wa upande wa Tana juu ya kubadilishana madume mwaka 2027, kwa sharti kwamba nao waanze kuandika tarehe za kuzaliwa.